SOMO LA KUMI NA MOJA: KUMTUMAINI MUNGU KULIKO NGUVU ZETU WENYEWE

Wasikilizaji wapenzi, katika somo lililotangulia tulieleza fadhila ya imani. Leo twafuata nduguye, ndiyo fadhila ya matumaini. Hatutasema sana habari za matumaini ya mbinguni, maana hayo twayataja kila siku katika sala zetu. Twataka kujua jinsi Mkristu anavyopaswa kumtumaini Mungu sokoni, shambani, ofisini, na kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa maana wako Wakristu wengi ambao humtumaini Mungu kwa saa ya kufa, lakini kwa siku ya Jumatatu hujitumaini wenyewe.

Swali: Kumtumaini Mungu maana yake nini?

Jibu: Ni kumtegemea kama Baba: kutenda kwa bidii yale yatupasayo, kumwachia yeye yale yapitayo uwezo wetu, na kukataa kutenda dhambi ili tujipatie kitu ambacho hakutupa.

Jibu hili lina sehemu tatu. Mbili za kwanza watu huzijua, ijapokuwa hawazishiki daima. Ya tatu wengi huisahau, nayo ndiyo ituonyeshayo kweli kama mtu amtumaini Mungu au ajitumaini mwenyewe. Tutaifikia polepole.

Watazameni kwanza wavuvi wa ziwa la Kivu. Jua likishuka, hutoka pwani wakiwa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umetayarishwa kati yake, nao wakipiga kasia na kuimba. Wafikapo penye kina huwasha taa zao, wakangoja. Samaki wadogo waitwao sambaza huufuata mwanga, na wavu ukivutwa huja juu ukimeta kama fedha. Lakini usiku wa mbalamwezi kazi hulegea, kwa kuwa mwanga wa mwezi hutapakaa juu ya maji yote, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya. Mvuvi hana amri juu ya mwezi. Ametengeneza wavu, ametayarisha taa, amepiga kasia. Hapo kazi yake imekoma, na iliyobaki si yake.

Tena habari za sambaza wenyewe zina mafundisho. Zamani hawakuwamo katika Kivu. Wataalamu waliona kwamba mbali na ufuo, vidudu vidogo vya majini vilikuwa vingi, wala hapakuwa na samaki wa kuvila. Basi, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaleta vitoto vya samaki kutoka ziwa Tanganyika, vya aina mbili, wakavimwaga humo. Aina moja ikapotea. Ya pili ikaishi, ikazaa, ikaenea ziwa zima, na leo hulisha nyumba nyingi pande zote mbili za mpaka. Sisemi kwamba ule ulikuwa mwujiza. Wataalamu wanaweza kueleza sababu zake. Nasema tu kwamba watu walizichukua aina zote mbili kutoka ziwa moja, wakazitia katika ziwa moja, na hakuna aliyeweza kuamuru ipi iishi. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto jambo la namna hiyo walipogombana juu ya wahubiri wao: kazi ya kupanda ilikuwa yake, ya kumwagilia ilikuwa ya Apolo, lakini uzima wa mmea haukutoka kwa mmoja wao.

Mtasema: Haya yote twayajua, nani asiyejua kwamba mvua haitoki mfukoni mwake? Kweli, kwa midomo twajua. Lakini moyo ni mgumu, na kosa la kujitumaini ni la zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 5 Kanisa lilisumbuliwa na mafundisho ya mtu mmoja mtawa, jina lake Pelagio, mwenyeji wa Uingereza ya kale, aliyekuwa akikaa Roma. Msidhani kwamba alikuwa mlevi au mwasherati. La, watu walimsifu kwa maisha yake magumu, naye aliwakaripia kwa haki Wakristu walegevu ambao walifanya udhaifu wao kuwa udhuru. Bali akavuka mpaka. Akafundisha kwamba mtu, kwa nguvu za utashi wake tu, aweza kushika amri zote za Mungu, na kwamba neema hutusaidia kwa kutuonyesha njia na mfano mwema, kana kwamba miguu ya kuifuata njia hiyo haihitaji kuponywa.

Aliyesimama kumpinga alikuwa Mwafrika, Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Tagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hipo. Augustino hakujifunza jambo hili vitabuni tu. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi na utashi mkali, na kwa miaka mingi alitaka kuacha maisha yake ya zamani, akaahirisha, akaanza, akaanguka, mpaka neema ilipomshika huko Milano, akabatizwa mwaka 387. Ndiyo sababu hakuweza kumsikia Pelagio na kunyamaza. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Kartago wakayahukumu mafundisho hayo, naye Papa Zosimo akayahukumu vilevile mwaka huo huo.

Pelagio alikufa zamani, lakini fikira zake hukaa pamoja nasi barazani. Humsikia mzee akiwaonyesha wageni nyumba yake na kusema kwamba ameijenga kwa mikono yake miwili, wala hana deni kwa mtu? Wenyeji wa Goma wana jambo la kuwaambia wazee wa namna hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa Nyiragongo ulipasuka, mto wa mawe yaliyoyeyuka kwa moto ukashuka mpaka katikati ya mji, ukafika ziwani. Nyumba zilizojengwa kwa jasho la miaka ziliteketea kwa muda mfupi sana. Tarehe 22 Mei 2021 moto ukashuka tena, ukasimama kando ya mji. Wala mtu asiseme kwamba hiyo ilikuwa adhabu ya wenye majivuno! Moto ule wa 2002 uliteketeza nyumba za wajane pia, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Twautaja kwa sababu moja tu: yule aliyeweka moyo wake wote katika kuta zake alipoteza siku ile zaidi ya kuta.

Basi, je, tukunje mikono?

Wako wanaofikiri hivyo. Wao ni kosa la upande wa pili wa njia, na siku hizi ni wengi kuliko wafuasi wa Pelagio. Husema, "Mungu anajua," wakaacha paa livuje. Hao wasome habari za Nehemia katika Agano la Kale. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, akapewa ruhusa arudi Yerusalemu kuujenga upya ukuta wa mji. Majirani wakakasirika, wakafanya shauri la kuja kuwashambulia wajenzi. Nehemia alifanya nini? Alimwomba Mungu pamoja na watu wake, kisha akaweka walinzi usiku na mchana. Nusu ya vijana wakajenga, nusu wakashika mikuki, na ukuta ukamalizika kwa siku 52. Nehemia hakuona kwamba sala na mlinzi ni vitu vinavyogombana. Hakuweka walinzi kwa kuwa aliishuku sala yake, wala hakusali kwa kuwa aliwashuku walinzi wake.

Hapa nataka kusema neno kali kidogo, maana kuna watu wanaokufa kwa ajili yake. Wako wahubiri wanaowaambia wagonjwa watupe dawa zao ili waonyeshe imani. Mgonjwa wa kifua kikuu, kwa kawaida, hupewa vidonge vya kumeza kwa muda wa miezi 6. Baada ya miezi miwili huenda kikohozi kimetulia, mwili umeanza kunenepa, na hapo ndipo mhubiri huja na kumwambia amekwisha kupona. Akiacha dawa, vijidudu vilivyobaki huinuka tena, navyo huweza kuwa sugu, hata dawa zile zisivishinde, naye akawaambukiza watoto wanaolala naye chumba kimoja. Je, hiyo ni imani? Ibilisi alipomchukua Yezu juu ya mnara wa hekalu, alimshauri ajitupe chini kwa kuwa malaika wangemdaka. Yezu alikataa, akakuita kumjaribu Mungu. Na kitabu cha Yoshua bin Sira chatuagiza tumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na dawa zatoka katika ardhi aliyoiumba. Atupaye dawa kwa jina la Mungu hamtumaini Mungu, amwamuru.

Na yule asaliye asubuhi kanisani, kisha usiku akamwendea mpiga ramli kwa mlango wa nyuma ili apewe hirizi ya biashara, tuseme nini juu yake? Yeye hana Mungu mmoja wala hana nguvu zake mwenyewe. Ana hofu tu, nayo humpeleka huku na huku.

Sasa twafika penye sehemu ya tatu ya jibu letu, ile isahauliwayo.

Abrahamu aliahidiwa na Mungu uzao mwingi kama nyota. Akangoja. Baada ya miaka 10 katika nchi ya Kanaani, Sara mkewe alikuwa angali tasa. Hawakumkana Mungu, hawakuacha kusali. Walifikiri tu kwamba ahadi ile ilihitaji msaada. Sara akamtoa kijakazi wake Hagari, mwanamke wa Misri, Abrahamu akamwingilia, Ishmaeli akazaliwa, baba yake akiwa na miaka 86. Kwa desturi za nchi ile jambo hilo halikuwa la ajabu. Watu wengine wenye akili wangelifanya hivyo. Lakini likaleta ugomvi nyumbani, na mwisho Hagari akafukuzwa pamoja na mtoto wake, akatangatanga jangwani na kiriba cha maji, mpaka maji yakaisha, akamlaza mtoto chini ya kichaka asimwone akifa. Mungu akakisikia kilio, akamwonyesha kisima.

Angalieni vizuri ni nani aliyelipa gharama. Si Abrahamu, wala si Sara. Ni mjakazi na mtoto wake. Ndivyo iwavyo mara nyingi. Mtu anapokosa subira na kuikamilisha kazi ya Mungu kwa njia zake mwenyewe, huweza kufanikiwa, na mnyonge fulani ndiye alipaye.

Mwalimu hajapokea mshahara wake kwa miezi mitatu. Watoto wake wana njaa. Mwanafunzi amletea fedha ili ampandishe darasa, naye apokea, akisema moyoni, "Mungu ataelewa." Mama muuza unga amebonyeza kitako cha kopo lake la kupimia, kidogo tu, kiasi cha kijiko. Karani ameficha karatasi ya mjane mpaka mjane alete "kitu cha chai". Hao wote husali. Pengine wao ndio waimbaji wa parokia yetu! Nasi hatuwacheki, maana njaa ya mwalimu asiyelipwa ni njaa ya kweli, na aliye na wajibu wa kumlipa atahukumiwa kwa ajili yake. Lakini tazameni kile kinachotendeka moyoni. Mtu huyo amesema, bila kutamka: Baba yangu aliye mbinguni hawezi kunilisha katika haki, basi nitajilisha nje ya haki. Hapo ndipo kujitumaini huvua nguo zake. Kufanya kazi sana si kujitumaini. Kupanga mambo mapema si kujitumaini. Kujitumaini huonekana waziwazi siku ile njia zote halali zimefungwa, ikabaki moja isiyo halali.

Nitawaeleza habari za kijana wa nchi yetu aliyesimama mahali hapo.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akaingia katika Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo watu wake husali pamoja na kuwa marafiki wa maskini. Yeye mwenyewe alijishughulisha na watoto wa barabarani, ambao watu wengi hupita wakiwatazama kama takataka. Mwaka 2007 alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda. Ilimpasa kuvitazama vyakula vinavyoingia nchini: vilivyo vizuri vipite, vilivyoharibika visipite.

Vyakula vilivyoharibika vikaja, na pamoja navyo ikaja fedha, ili afumbe macho. Akakataa. Wakarudi, akakataa tena. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara, na baada ya siku mbili maiti yake ikaonekana. Alikuwa na miaka 26.

Wasikilizaji wapenzi, kaeni kidogo katika kiti kile cha mpakani. Yeyote aliyekikalia angeweza kujiambia: Mimi ni mtu mmoja tu, nikikataa, mwingine atatia sahihi, na vyakula vitapita vilevile. Angeweza kusema: Mimi bado kijana, nina ndoa na maisha mbele yangu. Angeweza hata kusema jambo la hila kuliko yote: Nitaipokea fedha hii, na sehemu yake nitawapa watoto wa barabarani. Kila hesabu ya akili ya kibinadamu ilitoa jibu lile lile. Upande wa pili kulikuwa na watu asiowajua, ambao wangenunua vyakula vile sokoni kwa kuwa ni vya bei nafuu, yaani maskini, na watoto wao. Tena hapo mnyonge ndiye angelipa. Floribert alitenda yaliyompasa, na yaliyopita uwezo wake akamwachia Mungu.

Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri na shahidi. Twamjua pia shahidi mwingine wa nchi yetu, Mwenye heri Anuarite Nengapeta, sista, aliyeuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuwa alikataa kuivunja nadhiri yake ya usafi, akatangazwa mwenye heri mwaka 1985. Yeye alisimama mbele ya askari wenye silaha. Floribert aliletewa karatasi na fedha tu. Hakuambiwa, "Mkane Kristu." Aliombwa apitishe mzigo. Kanisa likaona kwamba jambo lilikuwa ni moja.

Najua ninyi mtauliza nini sasa, kwa maana swali hili huulizwa na kila mtu mwaminifu, nasi tusilikimbie. Alimtumaini Mungu, naye akauawa. Basi Mungu alikuwa wapi?

Swali: Je, amtumainiye Mungu hupata daima kile alichoomba?

Jibu: Hapana. Mungu hakuahidi kutuondolea kila msalaba. Aliahidi kuwa pamoja nasi tunapouchukua, na kutufufua siku ya mwisho.

Katika kitabu cha Danieli mwasoma habari za vijana watatu waliotakiwa kuisujudia sanamu ya dhahabu ya mfalme wa Babeli, au watupwe katika tanuru ya moto. Wakamjibu mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawatasujudu. Neno hilo la pili ndilo matumaini ya Kikristu. La kwanza peke yake, hata mcheza kamari huweza kulisema. Vijana wale wakatoka motoni wazima. Floribert hakutoka. Na Bwana wetu mwenyewe, huko Getsemani, aliomba kikombe kiondolewe, na hakikuondolewa. Malaika akaja kumtia nguvu, askari wakaja kumkamata, usiku ule ule. Mwenye kuwahubiria kwamba Mkristu wa kweli hataugua, hatafilisika, hatafiwa, huyo awauzia Injili isiyo ya Yezu, na angalieni pia bei anayoidai.

Kwa hiyo matumaini si biashara ya kubadilishana na Mungu: mimi nakupa imani, wewe nipe mafanikio. Mtoto ashikaye mkono wa mama yake gizani hajui njia. Amjua mama. Mtu aweza kulia machozi mengi akiwa bado anamtumaini Mungu. Yezu alilia kaburini pa Lazaro, hali alijua atakalolitenda.

Jinsi gani tujifunze fadhila hii? Siku kubwa kama ile ya Floribert haiwezi kuwa siku ya kwanza ya kujifunza. Yeye alikuwa amezoea kusali na ndugu zake na kutumia saa zake kwa watoto wasioweza kumlipa. Mtu asiyeweza kumtumaini Mungu kwa kijiko cha unga atamtumainije kwa uhai wake? Basi yule mama wa sokoni aanze na kopo lake. Aliweke jipya, halafu ahesabu mwishoni mwa juma. Huenda faida imepungua, simdanganyi. Hapo amwambie Mungu waziwazi, kama mtoto, kile anachokikosa, na amwombe jirani msaada pasipo haya, kwa maana mara nyingi mkono ambao Mungu huutuma ni mkono wa jirani, na majivuno yetu hutuzuia kuupokea. Hilo nalo ni kujitumaini: kupenda kutoa tu, na kuona aibu kupokea.

Jioni, kabla ya kulala, mfanyapo uchunguzi wa dhamiri, jiulizeni swali hili: Leo niliogopa kitu gani kiasi cha kutaka kusema uongo? Swali hilo huonyesha upesi mahali moyo ulipojenga. Mmoja ataona kwamba ni kazi yake, mwingine kwamba ni heshima yake mbele ya wakwe. Mahali hapo ndipo pa kumkaribisha Mungu, na kama pana dhambi, ipelekeni katika sakramenti ya kitubio. Msihuzunike mkiona kila jioni kitu kile kile. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, aliyekufa mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, alijiona mdogo mno asiweze kuupanda mlima wa utakatifu, naye hakukata tamaa. Akakubali kuchukuliwa na Mungu kama mtoto mchanga achukuliwavyo. Hakuwahi kutoka katika konventi yake kwenda kuhubiri, na tangu mwaka 1927 yeye ni msimamizi wa misioni zote.

Baba mmoja aweza kuniuliza: Je, kuweka akiba ni kukosa imani? Nina fedha kidogo katika kikundi chetu, kwa ajili ya shule ya watoto. La, baba, si kukosa imani. Yosefu huko Misri alijaza maghala kwa miaka 7 ya shibe, kwa kuwa Mungu alimwonyesha miaka 7 ya njaa. Na katika Injili ya Luka yumo tajiri mwingine aliyejaza maghala, naye aliitwa mpumbavu. Ghala ni ghala. Tofauti iko wapi? Soma tena mfano ule, usikilize mazungumzo ya tajiri. Ajiuliza mwenyewe, ajijibu mwenyewe, aiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe. Katika shauri lake lote hamna Mungu wala hamna jirani. Ghala la Yosefu lilifunguliwa njaa ilipokuja, likawalisha Wamisri na wageni, hata wale ndugu waliomwuza. Basi weka akiba yako, na mlango wake usikose ufunguo. Jirani akija usiku kwa kuwa mtoto wake ana homa kali na hana nauli ya kumfikisha hospitali, ndipo utakapojua kama fedha ile ni yako au wewe ni wake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza kwa nini Bwana wetu alitufundisha kuomba mkate wa siku moja tu. Kabla ya hapo, someni nyumbani sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka, habari za mana. Baba wa nyumba asome kwa sauti, na mtoto mmoja aeleze kile kilichoipata mana iliyowekwa mpaka asubuhi, na kwa nini ile ya siku ya sita haikuoza. Watoto wakiweza kujibu, waje na jibu lao kwa katekista.

Tumsifu Yezu Kristu!